Neno "Vumilia"

Wazee wenzangu tuliostaafu hukutana kila asubuhi chini ya mwembe ulio karibu na duka la dawa, tukinywa kahawa na kusoma gazeti moja kwa zamu. Mazungumzo yetu huanza na maumivu ya magoti na huishia kwa vijana. Siku moja mwenzetu mmoja, aliyekuwa ofisa utumishi katika shirika la umma, alituletea habari kwamba mwanawe wa mwisho ameacha kazi katika kampuni kubwa huko Dar es Salaam, kazi yenye mshahara mnono na bima ya matibabu, kwa sababu, eti, hayapendi mazingira ya kazi. Baraza zima lilicheka. "Mazingira ya kazi!" akasema mwingine. "Sisi tulifundisha madarasa yasiyo na paa." Kisha zikafuata hukumu, moja baada ya nyingine: kizazi hiki ni kivivu, hakina subira, hakina adabu, kinataka kusifiwa kila siku, na kikikemewa kidogo tu hufungasha virago.

Siku hiyo nilinyamaza. Nilinyamaza kwa woga, kwa kuwa binti yangu naye aliacha kazi vivyo hivyo, na sikutaka achekwe. Naandika sura hii ili niseme yale niliyopaswa kuyasema chini ya mwembe: kwamba hukumu yetu si ya haki, kwamba vijana hao wanayaona makampuni makubwa kwa macho makali kuliko yetu, na kwamba sisi wazazi tumekuwa wasaidizi wa watu wanaowaonea watoto wetu, tena wasaidizi wasiolipwa hata senti.

Kwanza tujue tunamsema nani. Siku hizi wanaitwa kizazi cha milenia, na wanaochunguza mambo haya aghalabu huwahesabu wale waliozaliwa kati ya mwaka 1981 na 1996. Basi hao si watoto. Mkubwa wao ameshapita miaka 40. Wanalipa kodi ya nyumba, wanasomesha, wanatunza wagonjwa. Wengi wetu tunaowacheka tunakunywa kahawa ile kwa fedha walizotutumia kwa simu.

Wakati fulani wa sikukuu binti yangu alikuja nyumbani na wenzake wawili waliokuwa wakifanya kazi pamoja naye. Baada ya chakula niliwauliza, kama nilivyokuwa nikiwauliza wanafunzi: hebu nielezeni kampuni yenu ilivyo, mazuri kwanza. Walianza bila kusita. Mshahara ulilipwa kwa tarehe. Bima ya matibabu ilikuwa ya kweli. Kulikuwa na mafunzo ambayo wasingeyapata mahali pengine. Tena alikuwapo meneja mmoja aliyekaa na kila kijana wake robo saa kila Ijumaa, akimwonyesha alipokosea na alipofanya vema. Wote watatu walisema kwamba mtu huyo akihama watamfuata.

Nikawaambia, haya, sasa yaliyobaki. Wakatazamana. Yule wa kiume ndiye aliyeanza. Kila Jumatatu, alisema, hufanyika mkutano ambapo majina huonyeshwa ukutani pamoja na malengo ya kila mtu, ambayo wao huyaita tageti, na aliye chini kabisa husimamishwa ajieleze mbele ya wenzake. Liko kundi la WhatsApp la idara, na bosi huandika humo saa nne za usiku, na asiyejibu huulizwa asubuhi kama bado anaitaka kazi. Mikataba yao ni ya mwaka mmoja mmoja, na wengine wameajiriwa kupitia wakala, wakivaa fulana ya kampuni ilhali kampuni haiwatambui. Likizo imo katika karatasi, ila anayeiomba huonekana hana moyo wa kazi. Na ukutani, mahali pa mapokezi, pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba wote ni familia moja.

"Baba," aliniambia binti yangu, "hilo la familia ndilo linalotuchosha kuliko yote."

Wakati ule sikumwelewa. Leo namwelewa. Familia gani humpa mtoto mkataba wa mwaka mmoja? Mama gani humsimamisha mwanawe mbele ya ndugu zake kila Jumatatu kwa kuwa amekula kuliko alivyovuna? Kampuni ni mahali pa kuuza nguvu na akili kwa bei iliyopatanwa, na hakuna aibu yoyote katika jambo hilo. Aibu huja pale mnunuzi anapotaka kulipa bei ya kibarua na kupewa utii wa mwana.

Niliwauliza wanachotaka. Nilitazamia orodha ndefu, kwa kuwa nilikwisha kusikia kwamba kizazi hiki kinataka kila kitu. Walitaja mambo manne. Waambiwe wazi wanavyofanya kazi, faraghani. Wajifunze jambo jipya, wasifanye lile lile miaka mitano. Wakiuliza swali wajibiwe. Na kazi ikiisha, iishe.

Ndugu msomaji, hebu tuipime orodha hiyo kwa kipimo cha taifa letu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ilipitishwa na Bunge lililojaa watu wa rika langu na wakubwa wangu, iliweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zilitakiwa ziwe za makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mfanyakazi alipewa saa 12 mfululizo za kupumzika. Likizo ya mwaka ilikuwa siku 28. Basi kijana anayekasirika kwa kuamshwa na bosi usiku hadai anasa iliyoletwa kutoka Ulaya. Anadai kitu ambacho wazee wake walikwisha kukiandika, wakakipigia makofi, wakakiweka kabatini.

Najua werevu wa wakubwa. Sheria hiyo iliwatoa katika vifungu vya saa wale wasimamizi wanaoongoza wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Matokeo yake, mmoja wa vijana wale watatu aliitwa "meneja wa eneo". Nilimwuliza ana watu wangapi chini yake. Akaniambia anao wawili: yeye na begi lake.

Sasa nirudi kwenye hoja kubwa ya baraza letu, yaani kwamba sisi tulivumilia. Ni kweli tulivumilia. Mimi nilihitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa nikaanza kufundisha mwaka 1972, nikastaafu mwaka 2010, na katika miaka hiyo 38 nimekaa miezi bila mshahara, nimefundisha wanafunzi 90 katika chumba kimoja, nimeandika kwa mkaa chaki ilipokwisha. Lakini tuseme ukweli wote. Uvumilivu wetu ulikuwa na mnunuzi, na mnunuzi huyo aliahidi kulipa. Ajira yetu ilikuwa ya kudumu na yenye malipo ya uzeeni. Tulikuwa na nyumba ya shule, hata kama ilivuja. Tulipewa nauli ya likizo kwenda makwetu. Mwisho wa safari kulikuwa na kiinua mgongo na pensheni, na pensheni hiyo ndiyo inayonifanya nikae chini ya mwembe saa tatu za asubuhi nikiwasema wenye kazi. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga, nao walisema kweli, maadam mti ni wake. Kijana wa mkataba wa mwaka mmoja anaambiwa apalilie na kumwagilia, na embe zikianza kuiva mkataba unakwisha.

Tena si kweli kwamba tulivumilia kila kitu. Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kufuata njia ya reli. Wazee wetu hao hawakuwa wavivu. Na sisi wenyewe? Mwaka 1971 chama cha TANU kilipotoa Mwongozo, vijana tuliokuwa vyuoni tulitembea na kijitabu hicho mfukoni. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwadharau na kuwaonea anaowaongoza, nacho kifungu hicho kilisomwa kwa sauti viwandani mbele ya mameneja waliozoea kutukana. Wafanyakazi waliacha kazi, wakadai meneja mwenye matusi aondolewe. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe. Wazee wa siku zile walisemaje juu yetu? Walisema hatuna adabu, hatuna subira, tumeharibiwa na siasa. Neno kwa neno, ni yale yale tunayoyasema leo. Tulilalamika tulipokuwa chini, tukapewa ofisi, tukasahau.

Iko na sababu nyingine, nayo inauma zaidi. Tunawauliza watoto wetu kwa nini hawana mapenzi na kampuni. Tukumbuke walikuwa wapi walipojifunza habari za kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kuuzwa na kufungwa, na serikali nayo ikapunguza watumishi wake. Maelfu ya wanaume na wanawake waliotumikia miaka 15 au 20 walirudi nyumbani na barua ndani ya bahasha ya kaki. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo, nami niliwaona watoto wa wafanyakazi wa viwanda wakija shuleni bila viatu muhula uliofuata. Waliona baba aliyekuwa akiamka saa kumi na moja kuwahi basi la kiwanda akikaa barazani mchana kutwa, akiwa amevaa shati lake la kazini. Watoto hao walikuwa na miaka 8, 10, 12. Ndio hao hao kizazi cha milenia. Hakuna aliyewafundisha kwamba mwajiri hana shukrani. Walisoma somo hilo usoni mwa baba zao. Leo tunawashangaa kwa nini wanaweka begi karibu na mlango.

Nitajibiwa kwamba kazi ni chache, na kwamba nje ya geti la kampuni wamepanga foleni vijana wenye shahada wanaotamani nafasi hiyo. Hoja hiyo ni nzito, siwezi kuipuuza. Nina wapwa katika foleni hiyo. Ila foleni inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba mwajiri ana nguvu. Haithibitishi kwamba ana haki. Mwenye kisima pekee kijijini ana nguvu wakati wa kiangazi. Akianza kuwatukana wanawake wanaokuja na ndoo, hatuwaambii washukuru kwa kuwa wengine wana kiu. Na mwajiri anayetegemea foleni hupata watu walionyamaza, kisha hudanganyika kuwa ukimya huo ni utii. Siku mwenye ujuzi akipata upenyo huondoka na ujuzi wake, naye aliyebaki huwa ni yule asiyeweza kwenda kokote.

Hili nalijua kwa sababu nililifanya. Mwaka 1994 nilikuwa na mwalimu kijana wa hesabu, bora kuliko wote niliopata kuwa nao. Mkewe alikuwa muuguzi katika wilaya nyingine. Mara mbili aliomba uhamisho, na mara mbili barua yake niliiweka chini ya nyingine mezani, kwa kuwa sikutaka kumpoteza. Alipokuja kuuliza nilimwambia, "Vumilia, Mwalimu." Hakuniuliza tena. Muhula uliofuata hakurudi. Alifungua duka la vifaa vya ujenzi mjini kwa mkewe. Nilisimama mbele ya walimu wenzake nikasema hakuwa na wito. Wanafunzi wa darasa la saba mwaka ule walifanya mtihani wa hesabu bila mwalimu wa hesabu, na mimi ndiye niliyekuwa nimewanyima. Mkubwa ni jalala, husema Waswahili: kazi yake ni kupokea ya kila mtu. Mimi niliweka kifuniko.

Nalo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2019 mke wangu alilazwa hospitali ya wilaya. Ilikuwa tarehe 19 ya mwezi. Binti yetu aliomba ruhusa. Msimamizi wake hakumkatalia. Alimwambia tu afunge kwanza hesabu za mwezi, zimebaki siku chache, na kwamba mkataba wake unajadiliwa wiki ile. Usiku alinipigia simu. Aliniuliza, "Baba, nije?" Nami, mwalimu wa miaka 38, mtu wa ratiba na kengele, nilimjibu, "Kazi ni kazi, mwanangu. Mama yako anaendelea vizuri. Vumilia umalize mwezi."

Mama yake alifariki tarehe 27.

Sheria ile ya mwaka 2004 ilitaja angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa na mzazi. Kampuni ilizitoa zote nne, pamoja na shada la maua lenye nembo yake. Kwa mzazi aliye mgonjwa kifungu hicho hakikutaja siku hata moja. Binti yangu alizika, akarudi kazini siku ya tano, na mkataba wake ukaongezwa. Miezi mitatu baadaye aliandika barua ya kuacha kazi. Nilipopata habari nilikasirika. Nilimwambia anatupa riziki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Baba, nilivumilia uliponiambia." Sikuwa na jibu, na sina jibu hadi leo.

Sisemi kwamba vijana ni malaika. Wapo wanaohama kabla hawajajua kazi waliyoajiriwa. Wapo wanaochukua kila sahihisho kuwa tusi, na wanaodhani mwaka mmoja ofisini umewatosha kuwa wakuu. Hao niliwafundisha pia, nami najua dawa yao ni mkufunzi mwenye msimamo. Kujifunza ufundi wowote kunataka subira: mshona viatu, daktari, mhasibu, wote hukosea kwanza. Subira hiyo naitetea, na ningeifundisha tena kesho kama ningepewa chaki. Lakini ina alama yake: kila mwaka humwacha mtu akijua zaidi ya mwaka jana. Ile nyingine, ya kutukanwa na kukeshwa na kunyimwa ruhusa, haimfundishi mtu chochote isipokuwa kuinama. Sisi wazee tumeziita zote mbili kwa jina moja, na katika mchanganyiko huo wakubwa wengi wamejificha.

Kwa wenye makampuni nina neno fupi. Ondoeni ukutani hilo neno familia, muandike badala yake saa za kazi, siku za likizo na jina la mtu wa kumpelekea malalamiko. Kisha fanyeni kama yule meneja wa robo saa ya Ijumaa. Robo saa haigharimu kitu, na watu wake walikuwa tayari kumfuata.

Kwa wazazi wenzangu neno langu ni fupi zaidi. Mtoto akipiga simu usiku akasema amechoka na kazi, usikimbilie methali. Mwulize kwanza: unalala saa ngapi? Likizo yako ya mwisho ilikuwa lini? Bosi wako anakuitaje mbele za watu? Unajifunza nini hapo? Sikiliza majibu yote manne, ndipo utoe ushauri, kama bado unao.

Binti yangu sasa anafanya kazi katika ofisi ndogo ya watu 11, kwa mshahara ulio chini ya ule wa kwanza. Hunipigia kila Jumapili. Wiki iliyopita aliniambia ana mkutano mgumu Jumatatu na anaogopa. Neno lile lilinijia mdomoni kwa mazoea ya miaka mingi. Nililimeza, nikamwuliza amekula nini.

Kesho nitakwenda chini ya mwembe, na wakianza tena, nitasema.